Kusi haijui kama kuna msiba

Marahaba dadangu wa Malindi, na pole kwa kungoja. Hadithi yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa simu nikiwa kwenye boti ya Mokowe, mara ya pili nikakaa nayo chini jioni na kalamu mkononi. Umeuliza hivi: binti wa Lamu anampoteza babake baharini, siku ya mazishi umeteremsha mvua kubwa na radi ili msomaji ahisi uchungu wake, sasa mwenzako kakwambia mvua ya msibani imeshachakaa, kila mtu ashaitumia, na wewe unataka kujua kama uifute kabisa, na ukiifuta basi hali ya hewa na mahali vitaonyesha vipi kilichomo moyoni mwa huyu binti bila wewe kuandika "alihuzunika sana".

Usiifute bado. Mwenzako kaona ugonjwa ila dawa aliyokupa siyo. Tatizo la ile aya si mvua, tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyeroa. Umeandika "mbingu zikafunguka, zikalia pamoja naye", alafu ikaja radi inayopiga kama moyo wake, nikatafuta ukurasa mzima ni nani nguo yake imeroa, nani kaleta turubai, wale waliokwenda kuzika wamerudi na hali gani, sikuona kitu. Mvua yako imekuja kulia tu, ikimaliza kulia inaenda zake. Na msomaji anajua, hata kama hawezi kueleza, anajua kwamba mwandishi ndo amefungua bomba.

Sasa angalia kitu ambacho tayari unacho. Binti yuko nyumbani na wanawake wenzake, hakwenda makaburini, kama ilivyo desturi yetu. Yaani hiyo mvua ya kaburini hakuiona. Itamfikiaje? Itamfikia kwa wanaume wakirudi. Nimejaribu kuiandika hivi, si lazima uichukue, ni kukuonyesha tu:

"Wanaume walirudi kabla ya magharibi. Ami yake alisimama dakani, pale kibarazani mlangoni, akikung'uta miguu, mguu mmoja, kisha wa pili, kisha akarudia ule wa kwanza. Pindo la kanzu yake lilikuwa limeganda mchanga mbichi mpaka juu ya kifundo. Binti akachukua kopo akammwagia maji. Mchanga ukashuka kwenye kidaraja cha mlango, ukaanza kutiririka kuelekea mferejini, na yeye akawa anaufuata kwa macho mpaka mkono ukasita, kopo bado limeinama, maji yamekwisha."

Hapo sijasema ana huzuni, wala mvua sijaitaja kwa jina. Lakini mvua imo, iko kwenye pindo la kanzu, na ule mchanga umetoka pale alipolazwa babake, na msomaji atalijua hilo sekunde ileile binti analijua. Hicho ndicho ninachotaka tuzungumze. Hali ya hewa haibebi hisia za mhusika kwa kufanana nazo. Inazibeba kwa kumgusa, alafu yeye, kutokana na kilichomo moyoni, achague aangalie nini na aache nini.

Hii habari ya kuvisha maumbile hisia za binadamu ina historia yake. Darasani sisi tumeisoma kama tashihisi, ukaambiwa itaje na mfano mmoja upate alama zako. Kwa Kiingereza aliyeipa jina la "pathetic fallacy", yaani uongo wa hisia, ni mhakiki John Ruskin, mwaka 1856, na watu wengi husahau kwamba hakuwa anaisifu, alikuwa anaikosoa. Alichukua mfano wa shairi lililosema povu la bahari ni katili na linatambaa, akajibu kwamba povu si katili wala halitambai, anayeliona hivo ni mtu ambaye akili imemruka kwa uchungu. Mimi nalipenda sana hilo jibu, manake ndani yake kuna ufunguo: uongo huo ni wa mwenye uchungu. Kwa hivo mwachie yeye. Binti akisema kwa mdomo wake "hii bahari ina roho mbaya", tunamwamini kwamba anaumia. Wewe msimulizi ukisema hivohivo kwa sauti yako, basi unatulazimisha.

Mfano mzuri wa haya uko kwenye ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, Julius Caesar. Usiku wa kuamkia mauaji kuna dhoruba ya kutisha Roma nzima. Casca anaingia upanga mkononi, anatetemeka, anaona ni ghadhabu ya miungu. Cassius naye kafungua kifua anatembea katikati ya radi, anafurahia, kwake ule ni usiku mzuri. Dhoruba ni ile ile moja! Haikubadilika hata tone. Ungeuliza dhoruba ile inaakisi hisia gani usingepata jibu, ila ukiuliza kila mmoja ameona nini ndani yake, hapo unawajua watu wawili kabla hata hawajaanza kupanga mambo yao.

Alafu kuna jambo ambalo linanikera kidogo, si kwako tu, naliona kwa waandishi wengi chipukizi wa huku pwani. Mvua ni huzuni, jua ni furaha, baridi ni upweke, joto ni mapenzi. Hii hesabu tumeipata wapi? Kwa mtu wa London ambaye jua analingoja, sawa, likitoka atafurahi. Sisi jua tunalo mpaka limekuwa jina la kazi ya jasho, Kenya nzima ukisema mtu yuko jua kali kila mtu anaelewa kwamba anahangaika. Mvua kwetu ni rehema, ikichelewa watu wanatoka kwenda kuswali kuiomba, na ikinyesha siku ya harusi wazee wanasema ni baraka. Na baridi je? Sikiliza lugha yenyewe: moyo ukitulia tunasema umeburudika, na kuburudika kumezaliwa na baridi hiyohiyo. Kijana akiulizwa habari anajibu poa. Mwenye hasira roho inamwaka. Ukiniandikia bibi aliyepokewa kwa "mapokezi ya joto" alafu nje ni mwezi wa pili, watu wanajipepea kwa vipepeo, mimi msomaji namwonea huruma huyo bibi.

Kwa hivo kabla hujatafuta picha ya hali ya hewa kwingine, pekua kwanza maneno yetu. Bahari huchafuka, tumbo huchafuka, roho huchafuka, na mtu akisema neno baya barazani watu wakanyamaza tunasema kachafua hali ya hewa. Shwari ni ya bahari na ni ya maisha. Upepo hutulia na mtoto hutulia. Kiswahili kimeshafunga hizi kamba zamani, huna haja ya kuzifunga upya kwa nguvu na "kama" tatu kwenye sentensi moja. Weka bahari iliyochafuka dirishani, weka mtu aliyenyamaza ndani, inatosha, masikio ya msomaji yatafanya kazi iliyobaki.

Sasa tuje kwenye kalenda, manake hapa umeteleza. Umeandika babake katoka Januari, upepo mkali, bahari milima milima, mvua siku tatu. Januari ni kaskazi, dada, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini. Ni joto, mvua ni haba, na ndio wakati wavuvi wanatoka sana nje ya miamba. Mvua yako ni ya masika, na bahari yako ni ya kusi, upepo wa kutoka kusini, ile ya mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wakati vyombo vidogo vinabaki ndani ya mkondo na nyumba nyingi zinakula kwa deni. Mtu wa Nairobi huenda asishtuke, lakini mtu wa hapa akishaona kosa hilo atakuwa hakuamini tena, hata ukimwambia ukweli.

Na ukiisahihisha utapata zawadi ambayo huitegemei. Kwanza, kusi inakupa sababu. Kwa nini babake katoka siku ambayo wenzake wamevuta madau juu? Sababu wiki ya tatu hajavua. Sababu duka limeshakataa kuandika tena kwenye daftari. Kumbe upepo ulikuwa ndani ya nyumba kabla haujamuua, ulikuwa kwenye sufuria, kwenye sauti ya mama akihesabu sarafu, kwenye ugomvi mdogo wa asubuhi ambao binti sasa hawezi kuusahau. Hiyo ni hali ya hewa inayofanya kazi. Mimi kwangu nikichagua kati ya upepo unaofanana na hisia na upepo uliozisababisha, nachukua wa pili kila siku.

Zawadi ya pili ni eda, ule muda wa mjane kukaa ndani. Hebu piga hesabu. Mume kafariki katikati ya mwezi wa sita, mama anakaa eda miezi minne na siku kumi, miezi ya kiislamu, atatoka mwezi wa kumi ukishapita katikati. Yaani kusi yote iliyobaki itampita akiwa ndani! Ameingia bahari inanguruma, upepo unapiga milango, atatoka kwenye maleleji, pepo zinabadilishana zamu, maji yametulia mpaka unaona mawe chini. Hakuuona mwisho wa ule upepo uliomchukulia mumewe. Dadangu, hiyo huwezi kuibuni, imekaa tu hapo kwenye kalenda inakungoja. Na angalia uzuri wake, utulivu wa bahari si lazima uwe utulivu wa mama. Inawezekana akaiona vile imelala akaichukia. Inawezekana akaona kama bahari imesahau. Wewe ndo unamjua.

Hili la mwisho ndo huwa nalisisitiza zaidi, na ntakwambia kwa nini. Mamangu alifariki wakati wa kaskazi. Siku ile mtaa ulikuwa unang'aa, chokaa ya kuta inaumiza macho, anga halina hata uzi wa wingu, na jirani alikuwa ameanika ng'onda, samaki wa kukausha, juu ya paa harufu inashuka mpaka kwetu. Punda wamepita wamebeba mchanga wa mjengo, mwenye punda anaimba. Nilikaa dakani nikawa namkasirikia huyo mtu kwa kuimba, nikaikasirikia ile siku kwa kuwa nzuri. Mpaka leo, miaka mingi imepita, kinachonirudisha pale si mawingu wala mvua, ni asubuhi yenye jua safi na harufu ya ng'onda. Hicho shuleni mtakiita kinaya. Mimi nakiita kweli, manake dunia haisimami kwa ajili ya msiba wa mtu, na kule kutosimama kwake ndiko kunakouma. Kwa hivo ukitaka kujaribu, andika mazishi yale mara moja kwa mvua na mara moja kwa jua kali la utosi alafu uone ipi inakukaba koo.

Wewe uko Malindi na kuna kitu mnacho huko ambacho sisi Lamu hatuna, nashangaa sijakiona kwenye hadithi zenu. Ile bahari yenu kugeuka rangi. Mto unaanzia juu kule upande wa Nairobi unaitwa Athi, ukishuka unaitwa Galana, ukifika kwenu ni Sabaki, unaingia baharini kaskazini mwa mji, na mvua zikishanyesha bara unakuja na udongo wote huo. Kaskazi ikianza kuvuma inausukuma mpaka ufuoni mwenu. Mtu anaamka Malindi, jua linawaka, hakuna tone lililoanguka mjini, na bahari mbele yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Mvua ilinyesha mahali ambapo yeye hakuwepo, sasa imemfikia. Fikiria mama ambaye mwanawe yuko Nairobi na simu imezimwa siku ya nne. Mpeleke ufuoni asubuhi hiyo. Usimfanye aseme lolote kuhusu maji, mwache asuuze miguu alafu aone tope limebaki kwenye kucha. Sijui waandishi wangapi duniani wanaweza kuipata picha kama hiyo mlangoni mwao.

Mahali nako ni vivyo hivyo, na hapa utaniwia radhi nikirefusha kidogo sababu nyumba ya mawe naipenda. Umeandika "nyumba ilikuwa ya kale, kubwa, yenye giza". Hiyo ni maelezo ya mpita njia. Binti amezaliwa humo, yeye haioni kuwa ni ya kale. Chukua kitu kimoja: vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba, na vimekuwa hivo sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, mita tatu hivi hazitimii, basi chumba kikaishia hapo boriti ilipoishia. Utotoni, huo wembamba kwake ulikuwa raha, amelala na dadake anagusa ukuta wa huku kwa mkono na huku kuna mgongo wa mtu. Baada ya msiba amelala humo humo, anazihesabu boriti, na zamani alikuwa anasinzia kabla hajafika kumi. Sasa anazimaliza na kurudia kutoka mlangoni. Chumba hakikupungua hata inchi moja. Huhitaji kuandika kwamba kuta zilimkaba.

Au chukua daka. Kila siku babake alikuwa akikaa upande mmoja wa daka, ule unaopata upepo alasiri, mpaka chokaa ya pale imelainika. Wageni wa matanga wakija watakaa wapi? Kuna mmoja atakaa pale bila kujua. Hapo una onyesho zima, na binti hana haja ya kutoa chozi.

Zoezi, kama unataka. Kulikuwa na mwalimu wa uandishi Mmarekani, John Gardner, aliwapa wanafunzi wake kazi ambayo imekuwa maarufu sana: elezea ghala la shambani kama linavyoonwa na baba ambaye mwanawe ameuawa vitani, lakini usimtaje mwana, usitaje vita, usitaje kifo, wala huyo baba mwenyewe usimtaje. Alafu elezea ghala hilohilo, saa ileile, hali ya hewa ileile, kama linavyoonwa na kijana aliyependa, na mapenzi usiyataje. Mimi huwa naigeuza kidogo iwe yetu. Chukua dau linaloundwa pale Matondoni, kijiji chetu cha waunda vyombo, liko kwenye magogo, mbavu ziko wazi, mbao hazijafika juu. Liandike anavyoliona binti wako. Alafu liandike anavyoliona kijana ambaye hilo ni dau lake la kwanza kulimiliki. Neno "bahari" unaweza kulitumia mara moja tu. Ukimaliza, zisome zote mbili kwa sauti, ukiona sentensi inayoweza kukaa kwenye zote mbili bila kubadilika, ifute, hiyo haikuwa na macho ya mtu.

Mengine madogo nayapitisha haraka. Usifungue kila sura kwa hali ya hewa, sura tatu mfululizo umeanza na anga. Dalili ya mvua ni mawingu sawa, lakini ukinionyesha mawingu kila mara kabla ya balaa nitakuwa najua balaa linakuja, na mshtuko umekwisha. Na "upepo mwanana" umeutumia mara sita, nimehesabu, acha moja.

Kwa hivo jibu la swali lako: mvua ibaki, ila uihamishe kutoka mbinguni uilete kwenye kanzu, kwenye kidaraja, kwenye mkono wa binti. Radi itoe. Babake mtoe Januari umpeleke mwezi wa sita, masika ikimalizikia, na ugomvi wa asubuhi kuhusu deni uuandike wote, sasa hivi umeupa mstari mmoja na nusu na ni uti wa mgongo wa hadithi yako. Alafu kabla hujagusa kitu kingine chochote, niandikie ile siku mama anatoka eda. Mlango unafunguliwa, mtaa ni uleule, bahari iko mwisho wa kichochoro inametameta. Anaanza kuangalia wapi, kule mbele au chini miguuni pake? Nitumie hiyo aya ikiwa mbichi, usiisafishe.